Imekushika Wapi?

Katika daftari hili sitaandika jina la mtu hata mmoja. Katika lile la kwanza niliandika majina yote, nikayapanga upande wa kushoto na kuyapigia mstari kwa rula kama tulivyofundishwa misheni, na majina hayo ndiyo yaliyowaponza wenyewe. Kwa hiyo yeye nitamwita Bibi Msomaji, kama tulivyomwita sote hapa Korogwe, na wengine nitawaita kwa kazi zao. Akitokea mtu wa kulichukua na hili, atakuta cherehani, vyungu na mkonge. Watu hatawaona.

Naandika mchana, mlango ukiwa wazi, maana nyumba iliyofungwa mchana watu huanza kuiuliza. Nikisikia viatu vya ngozi njiani nalifunika daftari kwa ungo wa karanga wa Shangazi. Leo nimeshalifunika mara nne, na mara zote nne alikuwa mtu anapita tu kwenda stesheni.

Bibi Msomaji alizaliwa wapi na nani, sijui. Sikumuuliza. Mimi ni mtu wa kutouliza. Mbele ya watu zaidi ya wawili ulimi wangu hukauka. Hata kule darasa la juu la misheni, ambako wasichana tulikuwa watatu tu, mwalimu alikuwa akinisimamisha nijibu, jibu ninalo, na bado nakaa chini nikilia. Ninachojua juu yake ni cha miaka miwili niliyokaa jirani naye, baada ya baba kunishusha kutoka Kwashemshi nije nikae na Shangazi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko wanaume wengi, na alisuka mikeka. Alipokuwa anasuka hakuzungumza, na alipokuwa anasoma mikono yake haikutulia, ilikuwa ikisuka hewa.

Kitabu chake kilikuwa kimoja. Kilikuwa kikubwa, cha jalada la ngozi, kimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, lakini maneno yenyewe ni Kiswahili, Kiswahili cha zamani cha pwani. Alikifunga katika kaniki na kukiweka juu ya dari, mbali na mchwa. Ndani yake mlikuwa na utenzi mmoja mrefu ambao, alisema, bibi zake waliusikia kwa bibi zao. Habari yake ni hii. Mfalme mmoja alijenga ukuta kuizunguka chemchemi pekee ya nchi. Watu wakabeba mawe miaka mitatu, na kila aliyetaka kunywa aliomba ruhusa kwake. Binti yake mfalme akatoboa tundu ukutani, akawa anapitisha maji kwa kibuyu, anawapa wabeba mawe. Mfalme alipojua, akawaamuru walinzi wake walizibe tundu, na binti akiwa ndani yake.

Basi, ni hayo tu. Lakini Bibi Msomaji aliweza kuyasoma kwa miezi minne, Jumapili moja baada ya nyingine, kisha akaanza upya, na watu wale wale wakarudi na mikeka yao.

Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku, kwa sababu ya kijana mmoja aliyefanya kazi shamba la mkonge la Ngombezi. Siku nyingine kipande chake, kadi ile ya kuhesabia siku za kazi, kilimfunga huko. Waislamu walikuwa wametoka sala ya alasiri, mimi nimetoka kanisani asubuhi, tukakaa uani kwake. Alikuwapo Fundi, mume wa Shangazi, mwenye cherehani pale karibu na stesheni. Alikuwapo Mama Vyungu, Mzigua mnene aliyefinyanga vyungu na kusema kila lililomjia. Na huyo Kijana wa Mkonge, mikono yake imechanjwa-chanjwa na miiba ya majani yale mpaka ikafanana na ubao wa kukatia mboga. Wengine walikuja na kuondoka. Sisi wanne hatukukosa.

Sasa niseme desturi yake, maana bila hiyo hakuna habari.

Alisoma sehemu, pengine beti thelathini, akafunga kitabu. Hapo hakuna ruhusa ya kuinuka. Alimgeukia mtu mmoja mmoja na kuuliza: "Imekushika wapi?" Nawe hukujibu kwa mdomo kwanza. Uliweka mkono mahali pa mwili wako ambapo utenzi umekushika, shingo, tumbo, goti, popote, ndipo ukaeleza kwa nini. Aliyesema haikumshika popote, Bibi alimsomea tena sehemu ile ile, na wengine wote wakangoja. Mama Vyungu aliwahi kusomewa mara tatu, mpaka Fundi akamwambia, "Wewe mama, shika hata sikio, tukapike!"

"Siwezi kudanganya kitabu," akasema Mama Vyungu.

"Kudanganya watu wa vyungu unaweza."

"Vyungu vyangu vinavuja kwa sababu wake zenu wanavigonga. Bibi, soma."

Mara ya kwanza aliponigeukia mimi nilidhani nitazirai. Jasho lilinitoka hata kwenye magoti. Niliweka mkono miguuni, si kwa sababu ya utenzi bali kwa sababu nilitaka kukimbia, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mkeka uliokaribia kwisha.

"Miguuni," akasema. "Inataka kukimbia, au imekufa ganzi?"

"Kukimbia, Bibi."

"Unamkimbia mfalme au unakwenda kumzibua binti?"

 Nilitikisa kichwa. Akasema, "Haya. Hilo litangoja," akamgeukia Fundi. Nililala nikiwaza jibu. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli, mimi niliyekwisha kumaliza vitabu vyote vya misheni bila kuulizwa hata mara moja kama vimenishika mahali.

Kwa sababu sikuweza kusema, nilianza kuandika. Nikifika nyumbani niliandika katika daftari maneno ya kila mtu. Kushoto jina, kulia neno lake. Mama Vyungu kasema hivi, Fundi kasema hivi. Bibi alijua. Nilimsomea kurasa chache siku moja tuko wawili, akafurahi mpaka akasahau ukili wa mkeka wake mapajani.

"Kumbe yanarudi," akasema. "Mimi nilidhani mtu akishasema yamekwenda."

Herufi zangu zenyewe hakuzipenda. Alisema zimesimama wima kama askari kwenye gwaride, zimeachana, hazishikani mikono. Nilijitolea kumfundisha. Alijifunza mbili, akaacha. "Mimi ni mzee, sitaki kuanza kuwa mjinga sasa." Lakini alikuwa akichukua daftari langu na kulishika kichwa chini miguu juu, akilitazama muda mrefu, na akiambiwa limegeuka anajibu kuwa anajua.

Mtu huyu hakuogopa maneno yoyote, lakini aliogopa kuku. Kuku akiingia uani alipandisha miguu mkekani na kuita watu. Treni ikipiga filimbi aliziba masikio na kusema shahada, kila siku, ingawa reli ilikuwapo Korogwe kabla sijafika. Nilimwona vilevile akimfukuza mlangoni kwake jumbe mmoja, mkuu wa kijiji, aliyemwambia kuwa utenzi ni kazi ya watu wasio na shamba. Alimfukuza kwa fagio, jumbe mzima, na jioni ile ile akapiga kelele kwa sababu ya jogoo. Mimi ninayeogopa vyote nilishindwa kumwelewa.

Ukali wake ulikuwa katika jambo moja: neno la mwandishi haliguswi. Fundi aliwahi kurudia ubeti kwa kichwa akabadili neno, akafukuzwa uani Jumapili mbili. Kwa hiyo niliposhuhudia jambo nitakalolisema sasa, sikuamini macho yangu. Kila alipofika mwisho wa kitabu, binti alipokwisha kuzibwa ukutani, Bibi Msomaji alifunua karatasi mbili kwa pamoja, akasoma ubeti wa kumalizia wenye jina la mtunzi na dua, akafunga. Mara ya kwanza nilidhani zimegandamana. Mara ya pili nilikuwa nimekaa ubavuni kwake nikaona kidole chake kikizikusanya.

Nilingoja watu waondoke.

"Bibi, kuna karatasi umezipita."

"Una macho."

"Zina nini?"

"Mfalme analia." Alisema kama mtu anayetema kokwa. "Beti kumi na nne analia. Anapasua kanzu, anapiga kichwa ukutani, anaomba radhi. Simwamini."

"Lakini umesema neno la mwandishi haliguswi."

"Nimeligusa? Nimelipita tu. Nikiwasomea hayo, kila mtu ataweka mkono kifuani na kumhurumia mfalme, na binti watamsahau humo humo ukutani. Nawajua watu wangu." Kisha akanishika kidevu. "Na wewe usiwaambie."

Sikuwaambia. Wala katika daftari sikuandika.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa haba, migomba ikakauka majani. Shangazi aliuza karanga stesheni, treni iliposimama, na siku zote alizifunga katika majani ya mgomba. Alipokosa majani alitafuta nyumbani kitu cha kufungia, akaliona daftari langu. Lilikuwa limejaa. Shangazi hajui kusoma. Kwake yeye, kibuyu kikijaa unakitumia, na karatasi ikijaa imekwisha kazi yake. Akachana karatasi tano za mwanzo, akazifanya pembe za karanga.

Pembe moja aliinunua karani wa akida.

Akida ndiye mkubwa wetu hapa aliyewekwa na Wadachi. Ni mtu wa pwani, mpole wa sauti, na watu wanamwogopa zaidi kwa upole huo. Siku zile kila mtu alijua kwamba boma halitaki kusikia mikutano. Vita vya kusini vilikuwa vimekwisha lakini hofu yake ilibaki kwa wakubwa, na karatasi yoyote iliyopita mkono hadi mkono iliulizwa. Karani alikula karanga, akasoma pembe. Ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri:

Mama Vyungu: huyu mfalme ningemtilia pilipili kwenye maji yake, aone kiu ni nini.

Fundi: walinzi walikuwa wajinga. Ukuta ni wa mfalme lakini mikono ni yao.

Na majina yao yamepigiwa mstari kwa rula.

Askari walikuja asubuhi ya Jumatatu. Walimchukua Fundi kwenye cherehani, uzi ukiwa bado sindanoni. Walimchukua Mama Vyungu na udongo mikononi. Mimi walinipa amri nilete daftari zima. Shangazi alinifuata mpaka kona ya barabara, anarudia neno moja tu, "Lilikuwa limejaa, mwanangu. Lilikuwa limejaa." Bibi Msomaji tulimkuta tayari barazani kwa akida. Alikuwa amekuja mwenyewe na kitabu chake ndani ya kaniki, kabla hajaitwa.

"Shikamoo, bwana akida," akasema Mama Vyungu, ingawa akida ni mdogo kwake kwa miaka mingi.

 Akida aliinua pembe ya karanga. Ilikuwa bado na chumvi.

"Mfalme gani huyu?"

"Wa kitabuni," akasema Bibi Msomaji.

"Mfalme tunayemjua sisi ni mmoja, yuko Ulaya. Nani anataka kumtilia pilipili?"

"Ni mimi," Mama Vyungu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Lakini si huyo wa Ulaya, bwana. Huyo hata simjui anakunywa nini."

Askari mmoja alicheka, akajizuia. Akida akanigeukia. Yeye husoma herufi za Kiarabu. Hizi za wima humsomea karani. Lakini karani alikuwa kakaa mbali mlangoni anajisafisha sikio kwa unyoya, na akida akasema, "Aliyeandika ndiye asome. Simama, binti. Soma lote."

Naandika polepole hapa, kwa sababu mkono unataka kupita.

Nilisimama. Nilisoma. Mimi nisiyeweza kusema neno moja mbele ya watu watatu, nilisoma mbele ya kumi na wawili, na sauti yangu ilitoka nyembamba lakini ilitoka, kwa sababu hofu ya kunyamaza ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kusema. Nilisoma ya Fundi, nilisoma ya Mama Vyungu, nikageuza ukurasa. Na pale juu ya ukurasa palikuwa na jina la Kijana wa Mkonge.

Huyo hakuwa katika pembe ya karanga. Hakuitwa. Hakuna mtu barazani pale, upande wa akida, aliyejua kama yupo. Alikuwa Ngombezi wakati ule, anakata majani.

Bibi Msomaji alikohoa.

Hakuwa na kikohozi. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama, na kidole chake juu ya goti kilikuwa kinafanya ile kazi niliyoiona, kinakusanya karatasi mbili kwa pamoja. Nilielewa. Sitaki kudanganya hapa: nilielewa kabisa. Karani alikuwa mbali. Akida hawezi kusoma herufi zangu. Ningefunua karatasi mbili, hakuna mwanadamu ambaye angejua.

Nikasoma. "Kijana wa Mkonge," nikasema, ila nilisema jina lake lenyewe, na la baba yake. "Asema: waliobeba mawe wangekaa chini siku moja tu, wote kwa pamoja, mfalme angebeba mwenyewe."

Akida aliuliza taratibu, "Huyo anafanya kazi wapi?"

Hilo pia lilikuwa limeandikwa. Nalo nikasoma.

Askari wawili waliondoka hapo hapo. Nilipomaliza daftari, nikidhani sasa nitakufa, akida alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui niliweke wapi. Aliinama mbele, akamuuliza Bibi Msomaji, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu uani kwake, "Na kulia kwa mfalme kuko wapi?"

Bibi aliivuta kaniki yenye kitabu karibu naye.

"Utenzi huu naujua. Mama yangu aliusoma Pangani kila mwezi wa Ramadhani. Mfalme analia mwishoni. Watu hawa wamesema maneno daftari zima na hakuna hata mmoja aliyemtaja mfalme akilia. Hukuwasomea?"

"Niliyapita."

"Umeyapita!" Alikasirika kuliko alivyokasirikia pilipili. "Beti zilizo nzuri kuliko zote! Lete hapa."

Akakifungua mwenyewe, akapekua kurasa, akapata. Akasoma beti zote kumi na nne barazani pale, mbele ya askari na bunduki zao, na lazima niseme kweli, alisoma vizuri kumshinda Bibi. Sauti ilipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Fundi aliinamisha kichwa. Mama Vyungu alikuwa na machozi, sijui ya nani.

Alipofunga, Bibi Msomaji akamwuliza, "Imekushika wapi, bwana akida?"

Nilifumba macho. Nilisikia askari akisogeza mguu. Nilipofumbua, mkono wa akida ulikuwa kooni. Akautoa upesi.

"Mimi siulizwi," akasema.

Kisha akatoa hukumu, polepole, kwa ile sauti yake ya siku zote. Maneno ya pilipili ni maneno ya jikoni, Mama Vyungu aende zake na afunge mdomo. Fundi atashona kanzu na suruali za askari mpaka atakapoambiwa basi. Bibi Msomaji asilale Korogwe zaidi ya siku tatu. Kitabu kinabaki. Alikifunga mwenyewe katika kaniki, vizuri, ncha kwa ncha, akakiweka chini ya kiti chake. "Lakini huyu wa kukaa chini wote kwa pamoja," akasema, "huyu hakuzungumza habari za kitabu. Huyu anazungumzia shamba la Mzungu." Mwisho akanitazama mimi. "Binti huyu amefundishwa vizuri. Amesoma bila kuruka."

Kijana wa Mkonge alipigwa kesho yake, mbele ya stesheni, viboko ishirini na vitano, vile ambavyo watu hapa wanaviita hamsa ishirini, na wakiviita hivyo hawatazamani. Nilikuwa jikoni kwa Shangazi nimeziba masikio, lakini Shangazi alikuwa anahesabu kwa mdomo bila kujua, nikaona midomo yake. Hakurudi Ngombezi. Wengine wanasema alipelekwa Tanga kwenye minyororo, wengine kwamba alitoroka akapita Mombo kwenda milimani. Mimi naamini la milimani, kwa sababu siwezi kuamini lile jingine.

Bibi Msomaji aliondoka siku ya tatu, asubuhi, na mikeka kichwani, kwenda Handeni kwa ndugu wa marehemu mume wake. Alipita mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Kuku wetu walikuwa njiani, nikamwona akisimama, akingoja wapite, halafu akaenda. Hakupiga hodi, nami sikutoka.

Miezi minane sikumwona. Fundi hakunisema kwa lolote; alishona nguo za askari, akila anasogeza sahani ya mboga upande wangu, na hilo liliniumiza kuliko tusi. Mama Vyungu akikutana nami alinisalimu vizuri mno. Jumapili alasiri kila mtu alikuwa na kazi nyumbani kwake. Nilianza kuogopa kitu ambacho sikukijua zamani: niliogopa kukaribia watu wawili wanaozungumza.

Mwezi uliopita Shangazi alikuwa na msiba wa upande wa mume wake Handeni, nikaomba nifuatane naye. Tulikwenda kwa miguu siku mbili. Njia nzima nilipanga maneno. Niliyapanga kama mtihani: kwanza nitaamkia, kisha nitapiga magoti, kisha nitasema, Bibi, siku ile ulipokohoa nilielewa. Nilitaka alijue hilo. Nilidhani jambo baya kuliko yote ni yeye kudhani kwamba sikuelewa.

Baada ya matanga niliulizia nyumba, mtoto wa jirani akanionyesha boma la miiba na paa la nyasi nyuma yake. Nilikuwa bado mbali kidogo niliposikia. Wanawake walikuwa ndani, wanapukuchua mahindi, punje zinaanguka kwenye ungo, na sauti yake ilikuwa inakwenda juu ya punje hizo. Hakuwa na kitabu, alikuwa anatoa kichwani. Ilikuwa ile sehemu ya tundu na kibuyu. Alikwama, akarudi nyuma, akaupata mstari, akaendelea. Kisha mwanamke mmoja alisema kwa Kizigua neno ambalo sikulishika, wengine wakacheka sana, na mmoja akapinga, na wakaanza kubishana kama tulivyokuwa tukibishana sisi. Nilisimama pale njiani. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa. Nikapiga hodi.

Kukawa kimya. Hata punje zilinyamaza.

"Karibu," akasema.

Nikaingia, nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia marahaba. Alikuwa amekonda zaidi. Wanawake watatu walitazama mahindi yao. Aliniuliza habari za Korogwe, habari za baba, habari za mvua za huko. Aliniletea maji kwenye kibuyu, kwa mikono miwili. Alisema njia ni ndefu na kwamba nimekua. Nikamwuliza anaendeleaje, akasema anashukuru, anasuka mikeka, mahindi si haba. Kila jibu lilikuwa la heshima na lilikuwa fupi, na lilipokwisha alingoja niulize lingine. Nilikuwa nimebeba mfuko wangu wa shule begani kwa sababu sina mwingine. Niliona macho yake yanakwenda kwenye mfuko, yanatoka, yanarudi.

Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa mapajani.

Hapo nikaelewa kwamba anaogopa. Mtu huyu aliyemfukuza jumbe kwa fagio na kumwuliza akida swali mbele ya bunduki, alikuwa ananiogopa mimi. Hakunichukia. Ingekuwa chuki, ningejua la kufanya. Aliniogopa kama mtu anavyoogopa moto alioukoka mwenyewe.

"Bibi," nikasema, "siku ile ulipokohoa..."

"Kifua changu kilikuwa kibaya mwaka ule," akasema upesi. "Sasa nimepona. Kunywa maji, mjukuu wangu."

Nikanywa. Wanawake walinitazama nikimeza. Nilikuwa na maneno yangu yote ya siku mbili, na nikaona kwamba kila neno nitakalolisema pale, hata la kuomba radhi, watalisikiliza kama wanavyosikiliza viatu vya ngozi njiani. Radhi ningeipata kwa urahisi. Wangenipa chochote ili niondoke.

Nikarudisha kibuyu, nikaaga. Alinisindikiza mpaka mlango wa boma, hatua zile anazosindikizwa mgeni, akaniambia niwasalimie wote. Hakutaja jina la mtu.

Nilipotoka nilisikiliza. Kimya. Walikuwa wanangoja nifike mbali. Nilijua wananisikia, miguu yangu ilikuwa inavunja majani makavu, na kila nilipopunguza mwendo wao walizidi kungoja. Basi nikakaza mwendo. Nilikwenda kwa kishindo, nikizikanyaga nyasi kwa nguvu, nipate kusikika nikiondoka, ili waanze tena mapema.